Maji ya Kisima Yakigeuka Mekundu: Usikimbilie Lambo, Yachuje

Somo kwa kaya za wafugaji, kata ya Didia na jirani zake



Somo hili ni la kaya inayochota maji kwenye kisima cha pampu na kuona mambo haya: maji yanatoka maangavu, lakini yakilala kwenye ndoo yanakuwa na rangi ya kutu. Chai inakuwa nyeusi hata ukiweka majani kidogo. Wali unabadilika rangi. Shuka jeupe linapata madoa yasiyotoka. Mdomoni maji yana ladha kama umelamba msumari. Dalili hizo ni za madini ya chuma.

Kwa kiasi kinachopatikana visimani kwa kawaida, chuma hakimwui mtu. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha chuma kwa sababu ya afya. Linaeleza tu kwamba kikizidi miligramu 0.3 kwa lita moja, maji huanza kuacha madoa kwenye nguo na vyombo. Hatari kubwa iko kwingine. Familia ikikichukia kisima, inarudi kuchota kwenye lambo au kwenye dimbwi wanakonywea ng'ombe. Maji ya lambo hayana ladha ya msumari, lakini yana kinyesi na mkojo wa mifugo, na pengine wa watu. Humo ndimo watoto wanamopata kuhara, homa ya matumbo na minyoo. Kichocho nacho hupatikana kwa kuingia majini, na Kanda yetu ya Ziwa ni kati ya maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa huo kwa wingi.

Kwa hiyo ujumbe wa somo hili ni mmoja: kisima usikiache. Ondoa chuma nyumbani kwa hewa, kwa kutuliza maji na kwa mchanga. Kisha hakikisha maji yamepimwa ili kujua yale yasiyoonekana kwa macho.

1. CHUMA KINATOKA WAPI

Udongo na miamba yetu ina chuma kingi. Wekundu wa udongo wa vilimani ni chuma kilichokwisha kupata hewa. Chini ya ardhi, hasa chini ya mbuga ambako majani na mizizi imeoza na hewa haifiki, chuma huyeyuka ndani ya maji kama chumvi inavyoyeyuka. Hapo hukioni. Pampu inapoyavuta maji juu, chuma kinakutana na hewa na kugeuka kutu, yaani chembe ndogo nyekundu. Ndiyo maana ndoo iliyokuwa maangavu saa mbili asubuhi ina rangi ya chai ya maziwa ifikapo mchana.

Mkoa wa Shinyanga una historia ndefu ya visima. Kati ya mwaka 1974 na 1978, Tanzania ikishirikiana na Uholanzi ilichimba mamia ya visima vifupi vya pampu ya mkono katika mkoa huu. Baadaye maji ya Ziwa Victoria yakaletwa Kahama na Shinyanga kwa bomba kubwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, yanayosimamiwa na KASHWASA. Hata hivyo bomba halijafika kila boma. Na wakati wa kiangazi, anayehama na ng'ombe hunywa maji ya mahali alipofika. Kisima bado kina kazi kubwa.

Chuma kinaweza kuingia majini kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya ardhini. Ya pili ni pampu yenyewe: kama maji yana uchachu, mabomba ya chuma yaliyomo kisimani yanaliwa na kutu. Ni lazima ujue ni ipi, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

2. JARIBIO LA ASUBUHI

Jaribio hili halina gharama. Tafuta chupa mbili safi zinazopitisha mwanga.

a) Fika kisimani kabla mtu yeyote hajapampu. Maji ya kwanza kabisa yajaze chupa ya kwanza.

b) Waache watu wachote ndoo 15 hadi 20 mfululizo. Kisha jaza chupa ya pili.

c) Weka chupa zote kivulini, bila vifuniko, hadi jioni. Zilinganishe.

Kama chupa ya kwanza ni nyekundu na ya pili imebaki maangavu, mabomba ya pampu ndiyo yanayooza. Maji yamelala usiku kucha yakila chuma. Tatizo hilo ni la jumuiya ya watumia maji. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hayadumu katika maji ambayo pH yake iko chini ya 6.5. Yabadilishwe, yawekwe ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Wakati mnasubiri fundi, ndoo za kwanza za asubuhi zitumike kumwagilia bustani au kufyatulia matofali, na maji ya kunywa yachotwe baadaye.

Kama chupa zote mbili zimekuwa nyekundu sawasawa, chuma kinatoka ardhini. Kubadilisha pampu hakutasaidia. Fuata sehemu ya 3.

Jambo jingine linalotisha watu ni utando unaong'aa juu ya maji kama mafuta ya taa. Uguse kwa kijiti. Ukipasuka vipande vipande kama ganda, ni utando wa chuma na vijidudu vyake, na haudhuru. Ukirudi kuungana palepale, huo ni mafuta kweli. Acha kuyanywa maji hayo na umjulishe afisa mtendaji wa kijiji.

3. KUONDOA CHUMA NYUMBANI: HEWA, KUTULIA, MCHANGA

Chuma kilichoyeyuka hakichujiki, kwa sababu kinapita mchangani pamoja na maji. Kwanza kigeuze kiwe kutu, ndipo uikamate hiyo kutu. Wengi wanaosema chujio halifanyi kazi wamechuja kabla ya kuyapa maji hewa.

Hatua ya kwanza: hewa. Mimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara 10, ukiinua ndoo ya juu kadiri mkono unavyofika, ili maji yaanguke yakitoa povu.

Hatua ya pili: kutulia. Funika ndoo kwa kitambaa safi na uiache ilale usiku kucha. Asubuhi mimina taratibu maji ya juu. Yaliyobaki chini, kama upana wa vidole vinne, yamwage. Usiyatikise.

Hatua ya tatu: mchanga. Tengeneza chujio hivi:

- Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye koki karibu na kitako. Iweke juu ya stuli au matofali. Ndoo isiwe iliyowahi kubeba dawa ya kuogesha mifugo au dawa ya pamba, hata kama imeoshwa mara nyingi.

- Chini kabisa weka kokoto ndogo zilizooshwa, kimo cha sentimita 4 au 5, zifunike tundu la koki.

- Juu yake weka mchanga mnene, sentimita 4.

- Juu yake weka mchanga laini, sentimita 18 hivi. Chota mchanga wa mto mahali ambapo ng'ombe hawapiti. Uchekeche, kisha uoshe mara nyingi mpaka maji ya kuoshea yawe maangavu, uanike juani.

- Acha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 juu kwa ajili ya maji.

- Funika kwa sahani ya plastiki au mfuniko uliotobolewa matundu madogo mengi kwa msumari. Maji yakimiminwa hapo yanadondoka kama mvua, yanapata hewa tena na hayachimbi mchanga.

Maji ya ndoo mbili au tatu za kwanza yamwage. Baada ya siku kadhaa mchanga utaanza kuwa na rangi ya kutu. Usiushangae, wala usiutupe haraka. Kutu iliyoshika kwenye mchanga husaidia kukamata chuma kingine, hivyo chujio huwa bora kadiri siku zinavyokwenda. Maji yakianza kupita polepole mno, kwangua tabaka la juu la mchanga laini, upana wa vidole viwili, ulioshe na ulirudishe.

Chujio hili linatosha maji ya kunywa na kupikia. Ya kufua nguo za rangi, kuoga na kuogesha vyombo vya jikoni vya nje hayahitaji kuchujwa. Nguo nyeupe fua kwa maji yaliyolala.

Kama umefanya hatua zote tatu, na maji yaliyochujwa bado yanakuwa mekundu kesho yake, maji hayo huenda yana uchachu, na chuma kinachelewa kugeuka kutu. Yape hewa zaidi na uyalaze siku nzima kabla ya kuchuja. Yakiendelea, peleka sampuli maabara.

4. DAWA YA MAJI HUWEKWA MWISHO

Chujio la mchanga linapunguza vijidudu lakini haliviui vyote. Maji ya kunywa yachemshwe au yawekwe vidonge vya klorini baada ya kuchujwa.

Mpangilio huu si wa kupenda tu. Ukiweka kidonge kwenye maji yenye chuma, klorini inaishia kwenye chuma: kila miligramu 1 ya chuma hula zaidi ya nusu miligramu ya klorini. Maji yatabadilika rangi, wewe utadhani dawa imefanya kazi, kumbe vijidudu vimebaki hai. Chuja kwanza, weka kidonge kwa kipimo cha kwenye pakiti, subiri nusu saa, ndipo unywe.

5. MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, kuchemsha kunaondoa chuma? Hapana. Kunaharakisha kutu ionekane, lakini kutu hiyo inabaki sufuriani. Chuja kwanza, uchemshe baadaye.

Je, unga wa mbegu za mlonge unasaidia? Unasaidia kutuliza tope la maji ya lambo. Kwa chuma kilichoyeyuka hautoshi. Hewa ndiyo inayotangulia.

Je, maji haya yanaongeza damu? Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki kwa kudhani maji yanatosha. Na mtoto mwenye upungufu wa damu apelekwe zahanati, kwa sababu malaria, minyoo na kichocho ndivyo vinavyoimaliza damu yake.

6. CHUMA NA MIFUGO

Ng'ombe wa kienyeji aliyekomaa anahitaji lita 25 hadi 40 za maji kwa siku wakati wa kiangazi. Akichukizwa na ladha anakunywa kidogo, akinywa kidogo anakula kidogo, na maziwa yanapungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha mwaka 2013 jaribio la ng'ombe wa maziwa: maji yenye miligramu 4 za chuma kwa lita waliyanywa kama kawaida, lakini yalipofika miligramu 8 walipunguza kunywa.

Kuna jambo la pili, la polepole zaidi. Chuma kingi tumboni mwa ng'ombe huzuia shaba isiingie mwilini. Ng'ombe aliyepungukiwa shaba anafifia manyoya: mweusi anakuwa na rangi ya kutu au kijivu, na kuzunguka macho manyoya yanakuwa meupe kama amevaa miwani. Ndama anadumaa na kuharisha. Jike anachelewa kupata joto. Lakini minyoo, ndorobo na njaa ya kiangazi pia huleta dalili zinazofanana na hizo, kwa hiyo usikate shauri kwa macho. Mwite afisa mifugo wa kata.

Usinunue dawa au jiwe la chumvi lenye shaba kwa kubahatisha, hasa kama una kondoo. Kiasi cha shaba kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumwua kondoo, na hufa ghafla baada ya shaba kujilimbikiza kwenye ini. Kondoo wasilambe jiwe la ng'ombe.

Kwenye mbauti fanya haya:

- Maji yaanguke kutoka juu, angalau urefu wa mkono, badala ya mdomo wa bomba kuzama ndani ya maji.

- Jaza jioni, mifugo inywe asubuhi. Kutu itakuwa imekaa chini.

- Kila wiki fungua tundu la chini, sugua ute mwekundu na mweusi, suuza.

- Mbauti iwe upande wa mteremko, mbali na pampu, na pampu izungushiwe uzio. Kisima kizuri huharibiwa na kinyesi cha ng'ombe kinachosimama kwenye sakafu yake.

Vibuyu na ndoo za maziwa vioshwe kwa maji yaliyochujwa. Chuma kinachobaki kwenye chombo kinaharakisha maziwa kupata harufu mbaya.

Na wenye kuku: kama chanjo ya kideri inatolewa kwa maji ya kunywa, usitumie maji yenye klorini wala chombo cha bati. Chanjo itakufa kabla kuku hajanywa. Tumia chombo cha plastiki na maji yaliyochujwa ambayo hayajawekwa kidonge.

7. YASIYOONEKANA NI MABAYA ZAIDI

Chuma kina faida moja: kinajitangaza. Yapo madini yasiyo na rangi wala ladha, na chujio la mchanga haliyaondoi ipasavyo.

Floridi. Shinyanga ni kati ya mikoa ya Tanzania ambayo visima vyake vingine vina floridi nyingi. Watu huona meno ya watoto yana madoa ya kahawia na kulaumu maji mekundu. Si kweli. Chuma hupaka rangi ndoo na nguo. Meno ya kahawia yaliyoota hivyo ni kazi ya floridi, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupinda na kukaza mifupa, ya watu na ya mifugo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale. Kama watoto wengi wanaotumia kisima kimoja wana meno hayo, kisima hicho kipimwe haraka, na watoto wadogo watafutiwe maji mengine salama, kama ya bomba la ziwa au ya mvua iliyovunwa kwenye bati safi.

Aseniki na zebaki. Wanaohamisha mifugo kuelekea Geita na maeneo ya machimbo wawe waangalifu. Vipimo vimekuta aseniki katika baadhi ya vyanzo vya maji vya ukanda wa dhahabu, nayo hutoka kwenye miamba ileile yenye dhahabu. Zebaki huletwa na wachimbaji wadogo wanaoitumia kukamatia dhahabu. Usinyweshe mifugo wala usichote maji kwenye mashimo ya machimbo, mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu, wala vijito vinavyotoka huko, hata kama maji ni maangavu kama kioo.

8. JINSI YA KUPIMISHA MAJI

Anzeni kwa jumuiya ya watumia maji. Jumuiya ipeleke ombi ofisi ya wilaya ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa mwaka 2019 kusimamia maji vijijini. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, zikiwemo za Shinyanga na Mwanza. Kisima ni cha wote, hivyo gharama ya kipimo kimoja ikigawanywa kwa kaya zote inabebeka.

- Ulizeni maabara kwanza iwapo watatoa chupa. Kwa kipimo cha chuma mara nyingi chupa huwekwa dawa ya kuzuia kutu isitue.

- Pampu kwanza, kama ndoo 15, ndipo mchote.

- Kama chupa ni yenu, isuuzeni mara tatu kwa maji hayohayo, jazeni hadi juu pasibaki hewa, fungeni. Chupa ya maabara yenye dawa msiisuuze.

- Andikeni jina la kijiji, kisima, tarehe na saa. Ifike maabara ndani ya siku moja, ikiwa kivulini.

- Ombeni mpimiwe chuma, pH, floridi na vijidudu. Walio karibu na machimbo waongeze aseniki.

Majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji na nakala ibandikwe ofisini.

KUMBUKA

Maji mekundu yanachafua nguo, ila maji ya lambo yanaugua watoto. Mimina mara 10, laza usiku, chuja kwa mchanga, dawa iwe mwisho. Mbauti isuguliwe kila wiki. Jiwe la shaba lisiwafikie kondoo. Na mtoto mwenye meno ya kahawia ni sababu ya kupima kisima, hata kama maji yake hayana rangi kabisa.

Kwa msaada zaidi mwone afisa mifugo wa kata, mhudumu wa afya wa kijiji au katibu wa jumuiya yenu ya watumia maji.